Jinsi ya kuchagua simu ya wodi ya afya ya akili, na kwa nini simu ya gerezani haifai

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kufunga simu ya ukutani kwenye wodi ya wanawake, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Simu yenyewe ilikuwa ya kujivunia: boksi la chuma kisichoshika kutu, mkonga mzito, na waya wa mkonga uliovishwa chuma cha kujipinda kama mpira wa bafuni. Nikamaliza, nikafuta vumbi la drili, nikamwita matroni aje aone. Akaushika ule waya, akauvuta kidogo, akaniuliza, "Fundi, huu unabeba kilo ngapi?" Nikamjibu kwa majigambo kwamba karatasi ya kiwandani inasema zaidi ya kilo 400. "Basi ung'oe," akasema. "Ung'oe sasa hivi, kabla hawajatoka kunywa uji."

Nilinuna. Aliponikalisha ofisini kwake ndipo nikaelewa. Aliyeandaa zabuni alikuwa amenakili vigezo vya simu za gerezani, akidhani kote ni "sehemu zenye ulinzi" na kwa hiyo mahitaji ni yaleyale. Gerezani hofu kubwa ni kwamba simu itavunjwa. Wodini hofu ya kwanza ni kwamba mtu aliyezidiwa na ugonjwa atajidhuru, na ule waya usiokatika, ambao muuzaji anausifia kurasa mbili nzima, ndio hatari yenyewe. Mwongozo huu ni kwa afisa ununuzi, fundi wa hospitali na muuguzi kiongozi walioambiwa "tafuteni simu imara" na kuachwa hapo.

Hatua ya 1: Zunguka wodi kabla ya kufungua katalogi

Chukua daftari, omba kuzungushwa na muuguzi wa zamu. Mhandisi aje pia, ila muuguzi ndiye anayejua ni kona gani haionekani usiku. Kila mahali panapotakiwa simu, andika majibu ya maswali matatu: nani ataitumia, nani anamwona akiwa anaitumia, na anaweza kukaa hapo peke yake kwa dakika ngapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia simu.

Korido inayoonekana kutoka meza ya wauguzi saa 24 ni jambo moja. Ukumbi wa chakula unaofungwa jioni ni jambo jingine. Chumba cha mgonjwa ni jambo la tatu kabisa, kwa sababu pale mtu hukaa peke yake muda mrefu. Chumba cha kutengwa hakihitaji simu ya kupiga nje. Kinahitaji kibao kilichozama ukutani chenye kitufe kimoja cha kumwita muuguzi na kuzungumza naye.

Kaunta ya wauguzi ikiwa nyuma ya kioo au mlango wa kufungwa, simu ya kawaida ya mezani inatosha, usipoteze hela. Ila kaunta ikiwa ya wazi, mgonjwa akinyoosha mkono akaifikia, hiyo nayo ihesabu kuwa simu ya wodini. Nimeona wodi iliyogharimia simu maalumu ukutani, halafu hatua tatu kando yake kuna simu ya mezani yenye waya wa kujikunja unaoning'inia kaunta. Hapo wamefunga dirisha, mlango uko wazi.

Taasisi kubwa huwa na wodi za namna nyingi ndani ya uzio mmoja. Mirembe ya Dodoma, iliyoanza 1927, ina Isanga inayopokea watu wanaoletwa kwa njia ya mahakama. Mathari ya Nairobi, iliyoanza 1910, nayo ina sehemu ya ulinzi mkali kando ya wodi za kawaida. Ukinunua aina moja ya simu kwa eneo zima, mahali fulani utakuwa umekosea.

Hatua ya 2: Maliza habari ya waya

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo usikimbie.

Chaguo la kwanza, kwa mahali popote ambapo mgonjwa anaweza kuwa peke yake, ni kibao cha ukutani kisicho na mkonga wala waya. Kina matundu ya spika, matundu ya maikrofoni na vitufe vichache, basi. Mtu anasimama mbele yake anaongea kama anavyoongea na mtu dirishani. Hakuna cha kuvuta, hakuna cha kuning'inia, hakuna cha kung'oa na kumrushia mwenzake. Ubaya wake ni faragha, na hilo tutalirudia chini, kwa sababu si dogo.

La pili ni simu isiyo na waya inayokaa kwa muuguzi na kutolewa kwa anayeihitaji. Inaweza kuwa ile ya kituo kimoja na mikonga kadhaa ya kutembea nayo, au, tuseme ukweli, kitochi, ile simu ndogo ya mkononi ya vitufe. Usikicheke kitochi. Bei yake ndogo, kikitupwa ukutani hasara si kubwa, na mgonjwa anaweza kwenda nacho kwenye benchi la bustanini akaongea na mama yake kwa nafasi. Ila kiwe kisicho na kamera, maana picha ya mgonjwa mwenzake ikitoka nje hairudi. Chaja na waya wake zisitoke ofisini hata siku moja. Na betri ihakikiwe ipo kila simu inaporudishwa, kwa sababu mfuniko wa nyuma hufunguka kwa ukucha.

La tatu ni mkonga wenye waya mfupi wa kuachia, yaani waya unaochomoka wenyewe ukivutwa kwa nguvu ndogo tu. Unafaa korido inayoonekana muda wote. Mwulize muuzaji unachomoka kwa uzito gani, akuandikie, kisha uuvute mwenyewe mbele yake. Na fahamu kwamba waya ukishachomoka umekuwa kipande cha waya mkononi mwa mtu, kwa hiyo muuguzi lazima aone au asikie mara moja. Mimi siupendi sana. Wapo wenzangu wanaoupenda.

La nne ni waya wa chuma. Mahali pake ni ukumbi wa gereza au kituo cha polisi, mbele ya askari, na hata huko uwe mfupi kadiri mtu mrefu anavyoweza kuufikisha sikioni bila kuinama, usizidi hapo. Ndani ya selo, hapana. Mahabusu ya watoto, hapana. Wodini, matroni alishasema.

Hatua ya 3: Pitisha mkono juu yake

Umbo la boksi ni muhimu kama waya. Boksi lililobandikwa juu ya ukuta likiwa na pembe nne na mgongo bapa juu linatengeneza rafu, na rafu ni mahali pa kushikiza kitu. Tafuta linalozama ndani ya ukuta, uso wake ukilingana na plasta. Ikishindikana, kwa mfano ukuta ni wa zege na huruhusiwi kuukata, chukua lenye kichwa cha mteremko mkali na kingo za mviringo.

Omba sampuli. Iweke ukutani, au hata kwenye ubao ulioegemezwa, kisha ipitishie kiganja pande zote na kitambaa chepesi baada ya kiganja. Popote kitambaa kinapokwama, weka alama kwa kalamu. Alama zikiwa nyingi, mrudishie muuzaji sampuli yake pamoja na alama zake. Angalia hasa ndoano ya kutundikia mkonga: simu za kizamani zina ndoano iliyochomoza nje. Za sasa zinazofaa zina kikalio kilichozama chenye swichi ya sumaku, hakuna kinachochomoza wala kinachosogea.

Skrubu ziwe zile zenye kipini, yaani kijiti kidogo cha chuma, katikati ya kichwa, zisizofunguka kwa sarafu, kijiko wala bisibisi ya dukani. Nafasi kati ya boksi na ukuta izibwe kwa gundi ngumu ya kuzibia. Silikoni ya kawaida ya madirisha haifai, inamenyeka kwa vidole kama ganda la ndizi. Iko inayotengenezwa makusudi kwa magereza na hospitali, ikikauka inakuwa ngumu na hainyofoki.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo uulize uimara

Muuzaji atakuambia "hii ni imara sana". Mwambie akuonyeshe namba. Ziko mbili unazozihitaji.

Ya kwanza inaanza na herufi IK, na inapima uwezo wa kuhimili kipigo. IK08 ni kipigo cha jouli 5, IK10 ni jouli 20, sawa na kuangusha uzito wa kilo 5 kutoka sentimita 40. Wodini usishuke chini ya IK10. Ya pili inaanza na IP, inapima vumbi na maji. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa na maji ya kumwagwa kwa mpira hayapenyi. Mtu atasema simu iko ndani ya nyumba, maji ya nini? Simu ya wodini humwagiwa chai, uji, mate na mkojo, na kila siku inapigwa dawa. Namba hizo zisiwe za kutamkwa mdomoni. Ziwe kwenye cheti cha maabara chenye jina la modeli ileile unayouziwa.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi tunakiita stenlesi, nacho kina daraja. Inayouzwa sana ni 304. Dodoma, Nakuru au Tabora inakaa vizuri. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, karibu na bahari, dai 316, kwa sababu imeongezwa molibdenamu na inavumilia chumvi. Na popote ulipo, adui mwingine ni klorini. Ile dawa ya asilimia 0.5 tunayofutia damu na uchafu ikiachwa ikauke juu ya stenlesi, baada ya miezi unaona vidoadoa vya kahawia. Wafundishe wahudumu wafute tena kwa kitambaa chenye maji safi. Ni kazi ya sekunde 10.

Vitufe ndivyo hufa kwanza, pamoja na maikrofoni. Vitufe vya plastiki vinang'olewa kwa kucha, vya mpira vinatafunwa. Chukua vya chuma, au vile visivyozama kabisa, vinavyohisi mgandamizo wa kidole bila kitu kusogea. Kadiri vilivyo vichache ndivyo bora. Kuhusu maikrofoni na spika, tazama ndani ya matundu kwa tochi. Ukiona moja kwa moja utando wa spika, kiberiti kimoja kitautoboa. Simu iliyofikiriwa vizuri ina bati la pili nyuma ya lile la kwanza, matundu yake yamehamishwa kidogo, sauti inapita lakini kijiti kinagonga chuma.

Hatua ya 5: Usimnyime mtu siri yake

Simu salama kuliko zote ni ile ambayo haipo, na kuna wakuu wa taasisi wanaofikiri hivyo kimoyomoyo. Lakini Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1991 kuhusu ulinzi wa watu wenye ugonjwa wa akili zinataja waziwazi haki ya mgonjwa kutumia simu na kuwasiliana kwa faragha. Kwa wafungwa, Kanuni za Mandela za 2015 nazo zinataka wawasiliane na familia, kwa barua na, panapokuwepo, kwa njia za simu. Kwa hiyo swali lako ni namna gani, siyo kama.

Tatizo ni kwamba kile kibao kisicho na mkonga, ambacho nimekusifia hapo juu, kinamtangaza mtu. Mgonjwa anamwambia mumewe habari za watoto, na korido nzima inasikia majibu ya mumewe. Nimewahi kuona mama mmoja amebandika shavu kwenye bati la spika, mikono imezingira uso kama anayechungulia ndani ya duka lililofungwa, ili sauti isitoke. Sauti ilitoka vilevile.

Dawa kamili sina, nina za kupunguza. Kibao kiwekwe mahali ukuta ulipoingia ndani kidogo, siyo katikati ya korido, pembeni pawe na vifaa vya kunyonya sauti vilivyobanwa sawasawa, na muuguzi aone mgongo wa mtu bila kusikia maneno yake. Sauti iwe na viwango viwili au vitatu vinavyobadilishwa kwa kitufe. Iwe chini kwa kawaida, na ipande kwa asiyesikia vizuri, kisha irudi chini yenyewe simu ikikatwa. Na iwepo simu ya kutembea nayo kwa mazungumzo mazito: wakili, msiba, talaka. Wodi yenye namna hizo mbili kwa pamoja inaishi vizuri kuliko yenye moja ya gharama kubwa.

Urefu pia. Kitufe cha juu kabisa kifikiwe na aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Hatua ya 6: Laini itoke wapi?

Vitabu vya nje hudhani kila jengo lina laini ya shaba au mtandao wa kompyuta. Kwetu mara nyingi hakuna hata kimoja wodini.

Kama upo mtandao wa ndani, simu ya intaneti inayopata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao ndiyo nyepesi. Kebo isizidi mita 100 kutoka kwenye swichi ya mtandao, yaani kile kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo, na swichi hiyo iwe na betri ya akiba, la sivyo umeme ukikatika wodi imekuwa bubu. Usikubali simu yenye adapta ya kuchomeka kwenye soketi ya ukutani ndani ya wodi. Umeleta waya na umeme wa volti 230 kwa mkupuo mmoja.

Laini ya shaba inajitegemea kwa umeme wake, takriban volti 48, ila inapoita hupanda hadi karibu 90 na kumshtua anayeshika nyaya zilizo wazi. Sababu nyingine ya boksi kutofunguka. Ikipita juu ya nguzo, weka kinga ya radi.

Kama hakuna vyote viwili, kiko kifaa kinachowekewa laini ya SIM na kutoa tundu la simu ya kawaida. Kikae ofisini kwa muuguzi, kimefungwa, na kebo ipite ndani ya ukuta mpaka kwenye kibao. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi. Ikisajiliwa kwa kidole cha nesi fulani, akihamishwa kituo, laini inahama naye.

Hatua ya 7: Namba za kupigwa

Usiache vitufe vyote kumi na mbili kama hakuna haja. Vitufe vinne vyenye namba zilizowekwa tayari vinatosha mahali pengi: ofisi ya wauguzi, ustawi wa jamii wa hospitali, namba ya msaada na opareta wa kuunganisha kwa ndugu. Kwa wodi ya watoto na vijana, Tanzania na Kenya zote zinatumia 116 kama namba ya msaada kwa mtoto, haina gharama kwa mpigaji. Maandishi yachongwe kwenye bati kwa Kiswahili na yawe na picha, kwa sababu stika hubanduliwa siku ya kwanza.

Simu zinazoingia zisizuiwe. Ndugu wengi hupiga wao, kwa kuwa mgonjwa hana salio, na simu inayotoa tu haimsaidii mtu ambaye familia yake iko Kasulu. Kikomo cha muda kiwepo, dakika 10 hivi, na mlio mdogo dakika moja kabla, asikatwe katikati ya sentensi. Anayezuiwa kupiga namba fulani, mfano anayempigia mtu kwa vitisho, azuiwe kwa maandishi ya daktari yenye tarehe ya kupitiwa upya. Fundi asipewe maagizo ya kufunga namba kwa mdomo, hata na mkubwa wake.

Hatua ya 8: Andika zabuni kama anayejua anachotaka

"Simu imara, bora, ya kisasa" ni kumwalika kila mtu alete alichonacho ghalani. Andika kiwango cha IK na IP, daraja la chuma, bila waya au waya wa kuachia na uzito wake, aina ya skrubu, umbo la juu, chanzo cha umeme. Usitaje chapa, sheria za ununuzi wa umma hazitaki hivyo, na ukieleza kazi ya kifaa vizuri chapa inajitokeza yenyewe. Dai sampuli kabla ya mkataba, na dai orodha ya vipuri na bei zake: maikrofoni, spika, vitufe, mkonga. Simu ambayo ikiharibika maikrofoni lazima inunuliwe nzima, iache. Kifaa kiwe kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kabla hakijafika bandarini.

Kwenye kamati ya tathmini awemo muuguzi wa wodi husika. Si wa kusaini tu mahudhurio.

Hatua ya 9: Kufunga na kupokea

Gonga ukuta kabla ya kutoboa. Ukuta wa gipsamu hauwezi kushika simu hiyo hata iwe ya chuma cha kifaru, utang'oka nao. Weka fremu ya chuma nyuma au hamia kwenye ukuta wa tofali. Boksi la ndani lipigiliwe kwa boliti za kutanuka, si vipande vya mbao vilivyopigwa nyundo kwenye tundu. Kazi ifanyike wodi ikiwa tupu au sehemu ikiwa imezibwa, na vifaa vihesabiwe kuingia na kutoka. Mimi huandika kwenye kartoni: koleo 1, bisibisi 4, vichwa vya drili 6, skrubu 8. Siku moja skrubu zilikuwa 7, tulikaa mpaka saa mbili usiku tukaiona ndani ya kandambili yangu.

Kabla ya kusaini makabidhiano, piga na upokee ukiwa umesimama, ukiwa umekaa, na televisheni ya wodi ikiwa imewashwa. Rudia lile jaribio la kitambaa, safari hii simu ikiwa mahali pake. Halafu mwachie muuguzi kazi ya kila zamu: kubonyeza kitufe kimoja asikie mlio, kuhesabu skrubu kwa macho, kupitisha kidole kwenye gundi ya pembeni, kusaini daftari. Haizidi dakika moja.

Kile kichwa cha bisibisi cha kufungulia skrubu za kipini kiwe viwili tu. Kimoja kwa fundi, kimoja kabatini kwa matroni, na kisiachwe kamwe kwenye droo ya kaunta pamoja na kalamu na stepla.